NYARAKA ZA KALE NI ZA NANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Yako maradhi katika majumba yetu ya pwani ambayo hayatibiki, kwa kuwa anayeyaugua hajijui kuwa mgonjwa. Mzee hufa. Khitma husomwa, matanga huondolewa, na baada yake hufunguliwa sanduku la marehemu. Humo hutoka kanzu, joho, tasbihi, na chini kabisa furushi la makaratasi yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Vijana huyageuza juu chini, hawajui kuyasoma. Mmoja husema: "Haya ni maneno ya Mungu, yasije yakakanyagwa." Basi huwashwa moto uani, yakateketezwa kwa heshima zote, na kila aliyekuwapo akajihesabia thawabu.

Siku kama hiyo nimeishuhudia, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliochochea moto. Kipande kimoja kilirushwa na upepo, nikakiokota na kukitia ndani ya kitabu kuwa ukumbusho wa marehemu. Miaka ikapita, nikajifunza kuzisoma hati zile, nikakirudia. Hakikuwa Qur'ani. Kilikuwa kipande cha hati ya wakfu. Bibi mmoja ametoa shamba la minazi, likaliwe na mtu wake aliyemwacha huru, yeye na kizazi chake, lisiuzwe wala lisirithiwe na mwingine. Jina la huyo aliyeachwa huru lilikuwa upande ulioungua. Kizazi chake, ikiwa kipo, kinapita mbele ya shamba hilo kama wageni, na mkono uliochoma haki yao ni huu ninaouandikia.

Kwa hivyo nasema, na mwenye kunikanusha na aje. Nyaraka si pambo la wasomi wala si fahari ya koo kubwa. Nyaraka ni silaha ya mnyonge. Tajiri akidhulumiwa ana wakili, ana mashahidi, ana jina linalotangulia mbele yake barazani. Mnyonge hana ila karatasi, na karatasi hiyo ama tumeichoma, ama tumeificha, ama tumeifungia katika nyumba ya serikali ambayo yeye hathubutu kupiga hodi.

AMRI YA KALAMU

Wako watakaosema: "Hayo ya nyaraka ni mambo ya Wazungu. Elimu yetu sisi imo vifuani." Jee, ndugu yangu, umesahau kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia maandishi? Humo imeamrishwa deni liandikwe, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Mwandishi amekatazwa kukataa kuandika. Kisha itazame rehema ya Mola wako: akiwa mwenye kudaiwa ni dhaifu, au hawezi kutoa imla mwenyewe, basi msimamizi wake amsemee kwa uadilifu. Yaani hata asiyeweza kusema naye ametafutiwa njia ya kuingia katika maandishi. Na katika Suratun Nur, aya ya 33, mtumwa anayetaka kuandikiana na bwana wake ili ajikomboe, bwana ameamrishwa amwandikie, akimjua kuwa na kheri. Hati ya uhuru wa mtumwa imetajwa ndani ya Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Sisi tunaiona takataka ya sanduku!

Tazama tena Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipoanzisha diwani, daftari la kugawia watu mali ya Waislamu. Hakuandika mabwana wa Kikureshi peke yao. Usama alikuwa mwana wa Zaid bin Haritha, na Zaid alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na Mtume (S.A.W.). Umar alimwandikia Usama fungu kubwa kuliko la Abdullah, mwanawe wa kumzaa. Abdullah alipouliza sababu, baba yake akamjibu kuwa baba wa Usama alipendwa zaidi na Mtume kuliko baba yake yeye. Imepokewa pia kuwa usiku mmoja Umar alimsikia mtoto akilia, akagundua kuwa mama yake amemwachisha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa daftari lilikuwa haliwahesabu watoto wanaonyonya. Umar alilia, kisha akaamrisha kila mtoto wa Kiislamu aandikwe tangu siku ya kuzaliwa.

Hilo ndilo somo zima la makala hii. Aliyeandikwa alikula, na ambaye hakuandikwa alilala na njaa. Wazee wetu husema asiyekuwapo na lake halipo. Nami nakwambia, asiyeandikwa na lake halipo, hata akiwapo.

SANDUKU LA BIBI HAFSA

Mwenye kuchoma karatasi atanijibu: "Mbona Sayyidna Uthman (R.A.) alichoma?" Ndiyo, alichoma, lakini isome khabari yote. Karatasi za Qur'ani zilizokusanywa na Zaid bin Thabit zilikaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, kisha kwa Bibi Hafsa binti Umar, mke wa Mtume (S.A.W.). Watu walipoanza kuhitilafiana katika kusoma, Uthman alimpelekea Bibi Hafsa ujumbe akamwomba karatasi zile. Bibi Hafsa alizitoa. Zikanakiliwa, nakala zikapelekwa katika miji, na karatasi zenyewe zikarejeshwa kwa Bibi Hafsa. Baada ya hayo ndipo Uthman alipoamrisha maandishi mengine yachomwe. Yeye alinakili kwanza, akarejesha amana, kisha akachoma. Sisi tunaanza kwa kuchoma, tunamaliza kwa kuchoma, wala hatukusoma.

Na katika khabari hii yamo mambo matatu, uyashike. Mlinzi wa amana iliyo kubwa kuliko zote alikuwa mwanamke. Lilipohitajiwa na umma, sanduku lake lilifunguka. Na aliyeazima alirejesha. Ukitaka kujua nyumba ya nyaraka iliyo njema ikoje, ni hiyo: inawahesabu wanawake, inafunguka, na inarejesha.

Sasa ilinganishe na hali yetu. Wapi zimo barua za mama zetu, hesabu za mahari zao, na wosia wao? Mwana Kupona alimwandikia binti yake utendi katikati ya karne ya 19. Umetufikia kwa kuwa ulinakiliwa na kusomwa majumbani, mkono kwa mkono. Mama wangapi wengine walisema na hakuna aliyeandika? Na ile miswada yetu iliyochukuliwa na wageni, mingi yake leo imo London katika maktaba ya chuo cha SOAS. Mtoto wa Pate anayetaka kuona mwandiko wa wazee wake huelekezwa ng'ambo. Wapo wanaosema bora imo huko, laiti ingalibaki kwetu mchwa wangaliila. Maneno hayo yanaumiza kwa sababu yana ukweli ndani yake.

WALIOMO NA WASIOKUWAMO

Nenda Kilimani, Unguja, ilipo Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar iliyoanzishwa mwaka 1956. Mkusanyo wake wa miswada na vitabu vya Kiarabu uliingizwa na UNESCO mwaka 2003 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia, na sisi tukajisifu, na ni haki yetu. Lakini katika nyumba hiyo hiyo imo orodha ambayo haisomwi barazani. Ni orodha ya miaka ya 1860 na 1861, pale Balozi wa Kiingereza, Rigby, alipowalazimisha Wahindi waliokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza kuwaacha huru watumwa wao. Maelfu ya watu wameandikwa humo. Wengi wao hawana mahali pengine popote duniani palipoandikwa majina yao. Hawana kaburi lenye jiwe, hawana shajara ya nasaba. Wana mstari mmoja tu wa wino, na mstari huo ndio unaoshuhudia kuwa waliishi.

Endelea kufungua majalada. Sultani Hamoud bin Mohammed alipotia saini amri ya mwaka 1897, utumwa haukuondoka wenyewe kama umande. Mtumwa alipaswa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, na fidia alilipwa bwana, hakulipwa yule aliyelima bure. Katika ukanda wa pwani ya Kenya mambo hayo yalingoja mpaka mwaka 1907. Jambo lililotokea mbele ya hakimu liliandikwa. Kwa hivyo humo humo, katika makaratasi ya aibu, ndimo yalimo majina ya wale ambao sisi tumewaita "watu wa nyumbani" bila ya kuwataja baba zao.

Kisha zipo hati za wakfu. Unguja, Pemba na Mombasa palikuwa na waungwana, wake kwa waume, waliowaacha huru watu wao, wakawawekea wakfu nyumba au shamba, wao na vizazi vyao. Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Lakini wakfu bila hati ni maneno ya upepo. Mali bila daftari hupotea bila khabari, na inayopotea aghalabu ni mali ya mnyonge.

Mwenye shaka na ayatazame ya mwaka 1908. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi ya pwani ya Kenya. Kila mwenye kudai ardhi aje adai kwa karatasi au kwa mashahidi, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Waliojua kusoma na waliokuwa na jamaa mjini waliwahi. Wengi katika Wamijikenda, na wengi katika waliokuwa watumwa, hawakuandikwa. Wajukuu wao mpaka leo wanaitwa maskwota juu ya udongo waliozikwa babu zao. Hawakushindwa kwa bunduki wala kwa hoja, walishindwa na daftari ambalo hawakuwamo.

AIBU NI YA NANI?

Hapa mzee mmoja atanikohoa: "Wewe unataka kufukua makaburi. Mwenyezi Mungu amesitiri, nawe unafichua kuwa fulani asili yake ni mtumwa."

Mzee wangu, shikamoo. Stara ni amri ya dini, nami siivunji. Lakini niruhusu nikuulize: stara hii inamsitiri nani? Anayeitwa mjukuu wa mtumwa anajua alivyo. Amejua tangu siku alipoposa akaambiwa hawi kufu. Amejua tangu alipokalishwa nyuma arusini. Yeye hakusitiriwa hata siku moja. Sisi tumemkumbusha kila siku kwa jicho. Kilichositiriwa ni ile hati inayosema shamba ni lake. Tumeifichua nasaba yake barazani na tukaificha haki yake sandukuni, kisha tunaita stara!

Mtume (S.A.W.) katika khutba yake ya kuaga alitangaza kuwa Mwarabu hana ubora juu ya asiyekuwa Mwarabu ila kwa ucha Mungu. Bilal (R.A.) alikuwa mtumwa, na historia haikuificha khabari hiyo, imeiandika pamoja na jina la bwana aliyemtesa. Miaka elfu na mia nne baadaye, ni nani katika wawili hao mwenye kuona aibu? Aibu ni ya aliyetesa.

Nakubali jambo moja, kwa kuwa haki husemwa hata juu ya nafsi. Karatasi hizi zaweza kutumiwa kwa ubaya, kumtia mtu doa au kuvunja posa. Kwa hivyo iwepo adabu. Mwenye kuandikwa, au kizazi chake, ndiye awe wa kwanza kuonyeshwa, na aonyeshwe kwa siri na kwa heshima. Nyumba ya nyaraka isiwe genge la umbeya. Lakini dawa ya kisu kibaya ni kukitia ala, si kuwanyima watu wote kisu cha kukatia mkate.

MLANGO MZITO

Sasa nawageukia nyinyi mnaozilinda nyaraka za serikali, bara na visiwani, nanyi msikasirike, kwani anayekwambia kweli ndiye rafiki. Hifadhi ya Taifa ya Kenya imesimama kwa sheria ya mwaka 1965, na ya Zanzibar ni ya kale zaidi. Kazi yenu ni njema. Mnapigana na unyevu, na mchwa, na bajeti ndogo kuliko mchwa mwenyewe. Lakini niambieni: katika chumba chenu cha kusomea amekaa nani? Mwanachuo kutoka Ulaya au Marekani yumo. Mwanasheria yumo. Yuko wapi mama wa Kwale au wa Makunduchi, mwenye kanga mbili, aliyekuja kuuliza lile shamba la bibi yake?

Huyo akifika mlangoni huulizwa barua. Akipata barua hupewa orodha iliyoandikwa kwa Kiingereza. Akipata wa kumsomea orodha, huletewa hati ya Kiarabu. Amepanda ngazi tatu, na kila ngazi imewekwa kwa ajili ya mwingine. Hakuna aliyemwambia "toka", lakini hakuna aliyemwambia "karibu". Wallahi, kutokaribishwa ni namna moja ya kufukuzwa. Aya niliyoitaja imemkataza mwandishi kukataa kuandika. Nami naona mwenye kuhifadhi maandishi naye hana ruhusa ya kukataa kuyasomesha.

Mambo yanayotakiwa si milima. Iwepo orodha kwa Kiswahili, lugha ya wenye nyaraka. Akae mtu mlangoni ambaye kazi yake ni kumsikiliza asiyejua kusoma, amtafutie, amsomee kwa sauti, kwani kipofu naye ana babu. Waajiriwe vijana wa madrasa wanaojua hati za Kiarabu. Elimu hiyo wanayo, na kazi hawana. Nakala zipelekwe vijijini, zikasomwe katika baraza na misikiti, mbele ya wale ambao majina ya wazee wao yamo. Na wanawake wazee wahojiwe majumbani, maneno yao yarekodiwe na yatiwe hifadhini pamoja na hati za masultani, kwa sababu wengi katika waliodhulumiwa hawakuacha karatasi, waliacha ulimi. Nyumba ya nyaraka inayongoja watu waje itajaa wale wale waliozoea kuja.

MADAFTARI YA MISIKITI YETU

Na tusiishie kuilaumu serikali, kwani kidole kimoja kikinyooka mbele, vitatu vinatuelekea sisi.

Mnawajua Wapemba wanaokaa Kwale na Kilifi. Ni wavuvi, ni Waislamu wenzetu, wengine wazee wao walihamia tangu kabla ya uhuru wa Kenya. Kwa miaka mingi waliitwa wageni. Bila kitambulisho, mtu alivua samaki wa Kenya na hakuweza kuandikisha mashua kwa jina lake wala kufungua hesabu benki. Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi mwaka 2023 tu. Wamakonde, waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo kilio chao kikasikika.

Swali walilokuwa wakiulizwa watu kama hawa ni lile lile: babu yako ameandikwa wapi? Na mimi nauliza: jee, babu huyo hakufunga nikaha katika misikiti yetu? Hakusomesha wanawe katika madrasa zetu? Hakuzikwa katika makaburi yetu? Daftari liko wapi? Kama imamu angeliandika, na kamati ingelitunza, msikiti wenyewe ungelikuwa shahidi wa jirani yake. Tulisali naye bega kwa bega miaka arubaini, na tulipotakiwa ushahidi hatukuwa na hata mstari mmoja. Kusali pamoja ni udugu. Kuandikana ndiko kuulinda udugu huo siku ya shida.

Na nyinyi wasimamizi wa wakfu, mimi siwatuhumu nyote. Lakini msimamizi anayechukia daftari lisomwe mbele ya watu amekwisha jitolea ushahidi mwenyewe.

Wala tusiseme haiwezekani. Pale Lamu, Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Saleh, una miswada ya miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 miswada hiyo ilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Picha zikaenda kwa wasomaji wa dunia, na miswada yenyewe ikabaki Lamu kwa wenyewe. Huo ndio mwendo wa Bibi Hafsa: nakala kwa umma, amana kwa mwenyewe. Hakuna aliyepoteza chochote.

FUNGUA SANDUKU

Ewe ndugu yangu, na wewe mama yangu unayesomewa makala hii, nakuomba jambo lililo ndani ya uwezo wako. Kabla ya Ijumaa ijayo, fungua sanduku la wazee. Usichome kitu. Usimuuzie mtalii anayepita na kamera. Karatasi zianike kivulini, si juani. Zitenge na unyevu na nondo. Usizigandishe kwa gundi wala usizikunje upya. Muite anayejua kusoma hati zile, na kila neno alisome mbele ya watu wa nyumba, wake kwa waume. Zipigwe picha, hata kwa simu ya mkononi ya mtoto, na nakala ipelekwe mahali pa amana.

Na likitoka humo jina la mtu ambaye haki yake imo mikononi mwako, usiigeuze karatasi ile uso chini. Nenda kwake. Keti naye jamvini. Mwambie: "Hiki ni chako." Utapungukiwa na minazi, lakini hutakuja kuulizwa habari zake Siku ambayo kila mtu atapewa daftari lake mkononi, daftari lisiloacha dogo wala kubwa, lisiloliwa na mchwa, wala halina moto wa kuliteketeza.

Daftari hilo limewakusanya wote, bwana na mtumwa, mwenye nasaba na asiyekuwa nayo. Basi na yetu tuyafananishe na hilo kadiri tuwezavyo.

Wabillahi tawfiq.